Gari Lililosingiziwa

Salma mjukuu wangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Shella sote tu wazima, na shangazi yako Zuhura amejifungua mtoto wa kiume.

Umeuliza kama ni kweli gari la umeme la babako latumaliza kwa stima. Ndivyo alivyolalamika kila tokeni za stima zilipokwisha, hata akaanza kutafuta mnunuzi.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alinunua punda, na maji ya birika la uani yakaanza kupungua upesi. Kila mtu akamlaumu punda. Nikampeleka alale kwa jirani, na maji yakapungua vile vile. Kumbe birika lilikuwa na ufa.

Basi nikamwambia babako, "Liache gari Ngomeni kwa nduguyo, urudi na matatu." Akanung'unika, akaliacha. Tokeni zikazidi kuyeyuka! Nikalikagua friji letu kuukuu: mpira wa mlango umechanika, languruma usiku na mchana. Tulipoutia mpira mpya, tokeni zikakaa. Gari hula stima, sikatai, lakini si kwa ulafi ule.

Nawe ukinunua lako, kagua kwanza kilichozeeka nyumbani, ila mimi uniache.

Jana babako alinipeleka sokoni kwa gari lilo hilo. Nilikaa mbele, nikashusha kioo, majirani wanione.

Bibi yako,
Mwanaisha