Kitanda cha Baba Mkwe

Sironga, Jumapili

Mjukuu wangu Kwamboka,

Huku tu wazima. Majani chai yamechipua vizuri, na babu yako ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye mboga, kwa hivyo ujue amepona.

Unasema wenzako wanakucheka kwa kusomea kazi ya hoteli, na unauliza kama mimi niliona aibu kutandika vitanda vya wageni. Niliona, mwanzoni.

Miaka ya sitini ilikuwa inaisha. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na hoteli moja mjini Kisii ilikuwa bado inanijaribu kazini. Asubuhi moja nikamwona baba mkwe ghorofa ya chini, anakunywa chai. Mvua ilikuwa imemzuia kurudi Nyamira, akalala chumba namba nne, ambacho nilipaswa kukisafisha mimi. Na unajua kwetu mke wa mwana hagusi kitanda cha baba mkwe. Nikasimama mlangoni na mashuka mkononi, nikijua nikikataa, kazi imekwisha.

Nilipofungua, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Blanketi limekwenda upande, mto uko miguuni. Mzee yule, ambaye hakuwahi kutandika kitanda maishani mwake, alikuwa ameniona kabla sijamwona.

Msimamizi alipouliza nani ametandika ovyo hivyo, nikasema ni mimi. Akanigombeza, kisha akamwita mwenzangu akirudie.

Hatukuwahi kulizungumza, mimi na mzee. Lakini aibu iliisha siku hiyo. Nimetandika vitanda vingi tangu hapo, vyote vimenyooka, na hakuna hata kimoja kilichofikia kile.

Nyanya yako,
Moraa