Mwenyekiti Kaicheka Katuni Yangu

Alhamisi

Afadhali angenitukana. Nilimchora mwenyekiti wetu wa mtaa akizindua bomba lisilotoa maji, kitambi kimetangulia, na nyuma yake Mama Rehema, jirani yangu, ameshika ndoo tupu. Gazeti limetoka leo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Mwenyekiti kaja mwenyewe hadi barazani kwangu hapa Tangini, gazeti mkononi, majirani nyuma yake, anacheka mpaka machozi. "Nyie Wazaramo hamna adabu! Mwacheni, huyu mtani wangu, ana haki yake."

Yeye Msukuma, mimi Mzaramo wa Kisarawe. Mtani hakasirikiwi. Majirani wakacheka, na mimi, mjinga, nikacheka nao.

Wiki nzima nimeumiza kichwa na mchoro ule, umeishia kama utani wa msibani: watu wamecheka, wametawanyika. Bomba hakulitaja mtu. Sasa nichore nini ambacho mtu huyu atakiogopa? Au basi tu...

Mama Rehema peke yake hakucheka. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa aliyechekwa si mimi?"