Ramani ya Novemba

Opelika, Alabama
9 Agosti

Dada Lurleen,

Nyanya zimezaa mpaka majirani wananikimbia, na mbwa bado anamchukia mtu wa posta.

Unamjua shemeji yako Orville. Kila Julai hutandaza ramani mezani kupanga safari za kuifuata timu ya chuo chetu ugenini, mpaka pale tutakapoegesha gari tuchome mbavu kabla ya mechi. Mwaka huu alipanga za Septemba tu, Novemba hakuifikia, akaikunja.

"Inatosha, Nadine."

Nikambana, akakiri: ana kivimbe shingoni, wamekata kipande wakipime. Sikukuandikia. Ningeandika nini?

Jana alirudi kutoka hospitali, hata salamu hakutoa. Akatandaza ramani, akachora mstari mwekundu hadi kwenu Knoxville, mechi ya Novemba.

"We mzee, daktari kasemaje?"

"Mafuta tu, hakuna kansa. Muulize dada yako kama bado ana kile kitanda kinachopiga kelele. Na aifiche fulana yake ya rangi ya chungwa ya timu ya kwao, tunakuja kuwafunga."

Nililia mpaka ramani ikalowa pale Chattanooga, njiani kuja kwenu.

Kitanda usikitengeneze, dada. Mwaka huu kelele zake nazitaka.

Mdogo wako,
Nadine