Kombe Nililoliosha kwa Sabuni

Mama Yusra,

Gari la mjini linapiga honi, naenda kutundikiwa dripu yangu ya saratani. Nitarudi Alhamisi. Samaki yumo chunguni, mfunike vizuri, paka ameshamwona.

Umekwenda kwa dada yako Haula bila kuniaga, na haki unayo. Lakini mimi niliona sahani ina rangi ya njano, nikadhani mchuzi wa jana. Kumbe ni aya alizoniandikia maalimu kwa zafarani, niziyeyushe kwa maji ninywe! Miaka ishirini sijashika sabuni, siku niliyoshika nimeosha kombe langu mwenyewe, aya zote zikaenda na povu.

~~Kombe moja si kitu.~~ Ni kitu. Daktari alisema ugonjwa umefika kwenye ini, nimebakiza miezi mitatu. Huu ni wa kumi na sita, na jana nilimaliza sahani mbili za wali. Yeye anasema ni dripu, wewe unasema ni kombe. Mimi siachi hata moja, na daktari nimemwambia yote ninayokunywa.

Basi nimepita kwa maalimu, ameandika upya, nimekunywa mpaka tone la mwisho. Sahani hii hapa, sijaiosha. Mimi na sabuni basi, mpaka nipone.

Baba Yusra