Njoo kwa Miguu

Baba Elia,

Huna hata aibu. Tangu tukuweke chini, alizeti imevunwa mara mbili, na hujanijia hata ndotoni kuomba maji ya kunywa. Mimi niliyekusongea ugali wa uwele mpaka meno yakakuisha! Lakini kwa Yunisi unakwenda. Kila mara ananiambia asubuhi, "Bibi, babu alikuja na baiskeli." Haya. Mke mdogo ndiye anayetembelewa.

Anayeandika ni huyo huyo mjukuu wako, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Sasa sikiliza. Ulipokufa, Yunisi alitundika viatu vya mbio msumarini. Msibani hakulia, akawa anazunguka tu kama kuku aliyemwagiwa maji. Baadaye akajaribu mbio moja, akafika mahali pagumu, akageuka nyuma, akakaa chini kando ya barabara. Miguu ilikuwa mizima! Alikuwa anakutafuta wewe.

Ulimdekeza, mume wangu, nakuambia hapo hapo ulipo. Akikimbia, wewe nyuma na baiskeli inayolia mnyororo kama kifaranga, dumu la togwa umelifunga kwenye keria. Akikunja uso kidogo tu: "Pumzika, mke wangu, kesho ipo." Naye anapumzika. Mwili unaweza, moyo unangoja ruhusa yako.

Mwezi uliopita mwalimu wake akamwandikisha tena, mbio ndefu, zile zinazopita hapa kwetu Iguguno. Akaniambia jikoni, "Bibi, nikikaa chini safari hii, sikimbii tena." Nilikuwa naogopa. Mimi, kuogopa!

Siku yenyewe nilikuwa napiga alizeti. Niliposikia vigelegele nikatoka hivyo hivyo, fimbo mkononi, kanga imejaa makapi. Wa mbele walishapita zamani. Mara namwona anapanda ule mwinuko, midomo imekauka, na pale penye kona akaanza yale yale. Shingo ikageuka. Miguu ikalegea. Watu wanapiga kelele, "Jitahidi, dada, jitahidi!" Wala hasikii.

Nikaingia barabarani. Nikamwita kwa sauti ya kurudisha ng'ombe:

"Wewe mke mwenzangu! Unamtafuta nani? Mume wetu kafa! Tulimzika wote, na udongo ulitia kwa mkono wako! Hakuna baiskeli! Kimbia!"

Mwanao Elia akanivuta kanga, "Mama, jamani, marehemu huyo." Nikamwambia niachie, huyo marehemu mimi ndiye niliyelala naye.

Yunisi akanikodolea macho. Halafu akacheka, Baba Elia. Alicheka mdomo wazi, na machozi yaliyogoma siku ya mazishi yakatoka hapo hapo, akaenda nayo mbio, anacheka, analia, anapanda. Sikuiona tena ile shingo ikigeuka.

Alifika. Walimtangulia wengi, wa ngapi sijui wala sitaki kujua. Alifika kwa miguu yake. Jioni akala ugali kama mchimba kisima, akaniambia, "Bibi, kule juu maumivu yalikuwepo, lakini sikuyaomba ruhusa." Akalala. Mimi nikabaki jikoni, mwili wote umelegea kama mtu aliyetua kuni za mbali. Nikalia kidogo. Ni kilio kizuri, usijitie huruma zako.

Baiskeli yako Elia anabebea magunia siku hizi. Mnyororo ameutia mafuta, haulii tena. Hapo nilikukumbuka.

Basi, baba, lala salama. Kila mbio zikipita hapa nitasimama pale kwenye kona, na sitamwambia apumzike.

Ukitaka kuja, njoo. Ila kwa Yunisi usipite, anaamka alfajiri kukimbia, mwache alale. Pitia mlango wangu, mimi ndiye mkubwa. Na uje kwa miguu.