Msalaba wa Mama Usubiri Tanuri Lako

Mwanangu mpendwa Tulinagwe,

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Tangu asubuhi nimeishika simu mara nne, nikaiweka. Nikatoka hadi getini, nikarudi, wala sijui nilifuata nini.

Uliponieleza kwamba hutaweza kuliacha tanuri lako la majaribio ufike Mbalizi kusimika msalaba kwenye kaburi la mama yako, nilikujibu, "Kumbe kipande cha chuma kimekuwa bora kuliko aliyekuzaa?" Wiki ya tatu hii hujapiga.

Unaikumbuka karakana ya misheni kule Kilolo? Nililisahau jembe motoni, nikaenda mazoezi ya kwaya. Lilipopoa nikaligonga, likavunjika vipande viwili. Ulikuwa na miaka minane; ukachungulia mahali palipovunjika. "Baba, ndani limekuwa kama chumvi ya mawe!" Mama yako akacheka hadi akakaa chini: "Fundi kaunguza jembe kama ugali!" Nikakueleza kwamba moto uliozidi hukuza chembe za chuma, nacho hupoteza nguvu.

Siku hizi mwalimu ni wewe. Uliniambia kwamba metali ya mitambo itakayozalisha umeme kwa moto kama wa jua hutengenezwa kwa chembe ndogo mno ili iwe imara; lakini katika joto kali chembe hizohizo huteleza, kama mahindi ndani ya gunia linalotikiswa, na metali hurefuka polepole chini ya mzigo. Kipande chako kitaning'inia tanurini miezi mitatu kikivutwa na mzigo, upime kinavyorefuka. Kikipozwa kabla ya wakati, kazi yote imeharibika. Nilikuelewa vema, mwanangu. Ndiyo maana naona aibu.

Shangazi yako amenisuta mbele ya wazee: "Kaka, msalaba wa zege hauna haraka. Mwenye haraka ni wewe, huwezi kutulia nyumba ikiwa kimya!"

Jana nilimwomba mchungaji aahirishe ibada. Akauliza, "Hadi lini, mzee?" Nikamwambia tarehe anayo binti yangu. Wageni wa Iringa nimewaomba radhi. Wawili wamenuna, na wanune.

Sitausimika bila wewe. Ukishazima tanuri, taja siku, nami nitawaita watu. Ila usisubiri hadi hapo kunipigia. Nipigie leo, hata kama ni kuniambia tu kimerefuka kiasi gani.

Nisamehe, mwanangu.

Ni mimi, baba yako, nisiyetulia hadi nikusikie.