Kamba za Baba na Magoti ya Mbwa

Baba,

Leo nimelitaja jina lako mbele ya ukumbi mzima wa madaktari wa mifugo. Ngoja nikusimulie, ingawa najua ungeniuliza kwanza kama nimekula.

Ile kazi yangu ya mbwa, ambayo majirani wa Mji wa Kale uliwaambia tu "binti yangu yuwasomea wanyama," nimeimaliza. Nilikuwa napima nguvu za kano za goti, zile nyuzi ngumu zinazoshika mfupa wa paja na ule wa chini yake, ili mbwa anapokatika kano daktari ajue uzi wa kumwekea uhimili mvuto gani. Mbwa wenyewe walijifia. Hatukumuua hata mmoja. Mashine hubana ncha mbili za kano, ikaivuta polepole mpaka ikatike.

Mwezi mzima zilikatika mapema. Mwalimu wangu akasema niandike kwamba ni dhaifu, muda umekwisha. Nikashika kalamu. Halafu nikatazama zilipokatikia: zote pale pale zilipobanwa.

Nikakuona akilini kule karakana yako ya Liwatoni, umetundika kamba mpya kwenye boriti, unaongeza mawe kwenye gunia lililoning'inia chini yake, mimi mtoto nimekalia ndoo. "Ikikatika pa fundo, mwanangu, umepima fundo. Kamba hujaipima." Ukaanza upya, na mwenye mashua aliyekuwa akiingoja kamba yake kanuna vile!

Basi nikayatupa matokeo yote, Baba. Yote. Nikaenda kulia chooni, nikarudi kazini. Safari hii kila kano niliiacha na mifupa yake, mashine ikabana mifupa. Zikakatika katikati, tena kwa shida. Zina nguvu, Baba, kuliko nilivyokaribia kuandika.

Ukumbini mzee mmoja akaniuliza nani alinifundisha kuitilia shaka mashine. Nikasema ni baba yangu, fundi wa kamba wa Liwatoni, na nikalitaja jina lako lote mpaka la babu. Nilijivuna, sikufichi.

Unalikumbuka kopo la udongo ulilokuwa ukiniwekea kando ya bomba, nioshe mikono mara saba, moja kwa udongo, kama dini yetu inavyotaka, nikitoka kwa mbwa? Tangu ututoke lilikuwa tupu. Jioni hii nimelikuta limejaa. Mama, ambaye neno mbwa hakutaka hata kulisikia, ameuchekecha udongo mwenyewe kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitaandika nguvu ya kitu nisichokipima.

Na nimekula.

Binti yako